Sura Isiyotukodolea Macho

Katika maduka ya fremu ya Dar es Salaam na Nairobi, na zaidi katika simu zetu, ipo picha inayonadiwa sana kwa wenye ofisi mpya na nyumba mpya. Ni uso wa mtu asiyejulikana: umechorwa kwa mstari mmoja usiokatika, au umejengwa kwa mabaka ya rangi ya udongo, samawati iliyopauka na dhahabu, pengine hauna macho, pengine hauna mdomo. Wauzaji huiita sanaa dhahania, na wanaahidi kwamba inatuliza akili. Ahadi hiyo ndiyo iliyonirudisha kwenye kumbukumbu za kuta ambazo watu wa rika langu wamekaa mbele yake tangu utotoni: kuta za sebule, za ofisi za umma, za wodi, na sasa za maofisi ya vioo. Nikizipanga kwa mfululizo naona kila moja ilitufundisha jambo kuhusu sura inayotundikwa, na mafunzo hayo yanatosha kuipima ahadi ya muuzaji. Hoja yangu ni kwamba picha haitulizi kwa sababu ni dhahania, wala kwa sababu ina samawati. Hutuliza pale inapoacha kumdai anayeitazama. Na kwa kuwa hakuna kitu kinachomdai mtu kuliko uso wa mtu mwenzake, picha dhahania ya sura hufaa tu ikiwa mchoraji ameyaondoa madai hayo, na ikiwa atakayeishi nayo ndiye aliyeichagua.

Tuanze na sebule. Katika nyumba nyingi za mijini za miaka ya 1970 na 1980, picha zilitundikwa juu sana, karibu na dari, zikiinamishwa kidogo mbele ili zimwelekee aliyeketi. Kulikuwa na picha ya studio ya wazazi siku ya ndoa, picha ya babu aliyevaa kanzu na koti, kalenda ya kampuni iliyobaki ukutani muda mrefu baada ya mwaka wake kwisha, na kulingana na dini ya nyumba, Ayatul Kursiy ndani ya kioo au Moyo Mtakatifu wa Yesu. Hakuna aliyeuliza kama picha hizo zinatuliza. Kazi yake ilikuwa kumjulisha mgeni ameingia nyumba ya nani, na kumkumbusha mtoto yeye ni wa nani. Nyuso zile zilikuwa zimeitazama kamera moja kwa moja, kwa hiyo zilimtazama kila aliyekuwamo chumbani, na watoto walijua kwamba utundu wa mbele ya picha ya babu si sawa na utundu wa uani. Hisia hiyo haikuwa ushirikina. Mwaka 2002 Teresa Farroni na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba hata watoto wachanga wa siku chache huukazia macho zaidi uso unaowatazama kuliko uso wenye macho yaliyogeuziwa pembeni. Mwanadamu huzaliwa akiwa tayari kuitikia macho. Somo la sebule, basi, ni kwamba uso hauwezi kuwa pambo tupu. Ukiutundika, umemweka mtu chumbani, na yakupasa kuamua mtu huyo ana uhusiano gani nawe.

Ofisi ilitufundisha upande wa pili. Tanzania na Kenya, kama nchi nyingi za Afrika, picha ya Rais hutundikwa katika ofisi za umma, aghalabu nyuma ya kiti cha mkubwa, juu ya kichwa chake. Rika langu liliingia katika ofisi hizo kutafuta barua, muhuri au saini, na kila aliyesubiri kwenye benchi alisubiri chini ya macho hayo. Sisemi picha hiyo iondolewe. Ina kazi ya kueleza mamlaka yanatoka wapi, na kazi hiyo inaifanya vizuri. Ila kazi hiyo ni kinyume cha kumpumzisha mtu. Mwaka 2006 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, Melissa Bateson, Daniel Nettle na Gilbert Roberts, walieleza jaribio walilofanya kwenye chumba ambamo wafanyakazi wa idara walilipia chai na kahawa kwa hiari, kwa kutia fedha sandukuni. Juu ya sanduku walibandika picha, wiki moja ya maua, wiki inayofuata ya macho ya mtu. Katika wiki za macho, malipo yalikaribia mara tatu ya yale ya wiki za maua. Tafiti za baadaye zimebishania ukubwa wa athari hiyo, na zipo ambazo hazikuiona kabisa, kwa hiyo tusiifanye sheria. Hata hivyo inaelekea kulekule ambako benchi la kusubiri lilitupeleka: macho ukutani humfanya mtu ajikague. Mkaguzi ni mtu wa maana, lakini hakuna anayepata usingizi mbele yake.

Kisha zikaja kuta za wodi. Zilipakwa rangi ya mafuta hadi usawa wa bega, kijani au kijivu, na juu yake mabango ya chanjo, ya kipindupindu na ya uzazi wa mpango. Mabango yale yaliokoa maisha. Lakini mgonjwa aliyelala mbele yake alishinda akisoma magonjwa. Kwamba kinachoonekana kitandani kina uzito wake kulithibitishwa na mtafiti Roger Ulrich mwaka 1984. Alipitia kumbukumbu za hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani, za wagonjwa waliopasuliwa kibofu cha nyongo kati ya 1972 na 1981. Wagonjwa 23 waliolala kwenye vyumba vyenye dirisha linaloelekea miti walilinganishwa na 23 walioona ukuta wa matofali. Wale wa miti walitoka hospitali baada ya wastani wa siku 7.96, wenzao siku 8.70, na hao wa miti walihitaji dawa kali za maumivu kwa kiasi kidogo zaidi. Utafiti huo mmoja ulibadili mazungumzo ya wajenzi wa hospitali duniani kote, na ni kawaida kuusikia ukitajwa na wauzaji wa picha kana kwamba unaitetea kila picha. Haufanyi hivyo. Unaitetea miti.

Hapa ndipo inapojitokeza hoja nzito kuliko zote dhidi ya sanaa dhahania, na haifai kuikwepa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Ulrich na wenzake walifanya jaribio katika hospitali ya chuo kikuu huko Uppsala, Uswidi, kwa wagonjwa 160 waliotoka kwenye upasuaji wa moyo. Baadhi waliwekewa mbele ya kitanda picha ya mandhari, baadhi picha dhahania, wengine ubao mweupe au bila kitu. Waliotazama maji na miti walikuwa na wasiwasi mdogo zaidi. Waliopewa picha dhahania yenye maumbo ya pembe na mistari iliyonyooka walikuwa na wasiwasi kuliko hata wale ambao hawakuwekewa picha yoyote. Mwenye duka la fremu hataki usikie habari hiyo, na mimi naona kila anayenunua picha anapaswa kuisikia. Maana yake kwa wodi ni wazi: usitundike uso wa mabaka mbele ya mtu aliyepasuliwa, mpe picha ya mto na mwembe. Lakini habari hiyo haifungi mjadala kwa nyumba na ofisi, kwa sababu mbili. Kwanza, mgonjwa wa kitandani hana pa kugeukia. Mwenye ofisi huinuka, hutoka, hurudi, na picha humpitia machoni kwa vipande vya muda. Pili, kilichowasumbua wagonjwa wale zaidi kilikuwa aina fulani ya picha dhahania, ya pembe kali. Hilo linakaribiana na kazi ya Arnold Wilkins wa Uingereza, ambaye kwa miaka mingi ameonyesha kwamba milia mizito iliyokaribiana, yenye weusi na weupe unaopishana, huwachosha watu macho na yaweza kuwaletea kipandauso wenye ugonjwa huo. Mwaka 2008, akiwa na Dominique Fernandez, alionyesha kwamba hata michoro ya wasanii inaweza kupimwa hivyo, na kwamba inayokera macho ina mpangilio ulio mbali na ule wa mandhari za asili. Kwa hiyo swali la kujiuliza dukani ni moja: picha hii inayafanyisha macho yangu kazi gani?

Mchoraji Mark Rothko anatoa ushahidi kwa pande zote mbili, ya wanaoisifu sanaa dhahania na ya wanaoipinga. Mwaka 1958 alipewa kazi ya kuupamba mkahawa wa Four Seasons katika jengo la Seagram, New York. Akachora makanvasi makubwa ya maruni na nyeusi, na hakuficha kwamba alitaka matajiri waliokula humo wajione wamefungiwa chumba kisicho na mlango. Baadaye akarudisha fedha na kuzichukua picha zake. Tisa kati ya hizo alizipa jumba la Tate la London, na zilifika huko Februari 1970, siku ileile aliyofariki. Mwaka uliofuata, huko Houston, likafunguliwa kanisa dogo lenye picha zake 14 zinazokaribia weusi mtupu, na hadi leo watu wa dini mbalimbali huingia humo kukaa kimya. Mchoraji ni yuleyule, na picha zote hazina mtu wala mti. Zile alizikusudia zibane, hizi watu huketi mbele yake kutafuta utulivu. Anayesema sanaa dhahania inatuliza, na anayesema inachosha, wote wamesema kidogo mno, kwa maana dhahania ni namna ya kuchora, haina tabia moja.

Sasa turudi kwenye sura. Je, uso unaweza kuchorwa hata usimkague mtu? Mfano bora ninaoujua ni wa Alexej von Jawlensky, Mrusi aliyeishi Ujerumani. Alipokuwa uhamishoni Uswisi, mwaka 1918, alianza mfululizo wa vichwa dhahania: umbo la herufi U la taya, mstari wa pua, mstari wa nyusi, na macho ambayo kwa kawaida yamefumbwa. Aliurudia uso huohuo kwa miaka, akibadili rangi tu. Ugonjwa wa baridi yabisi ulipomkaza viungo hata akalazimika kuishika brashi kwa mikono miwili, aliendelea kati ya 1934 na 1937 kwa vipicha vidogo alivyoviita tafakuri, ambamo uso umebaki mistari michache yenye umbo la msalaba. Aliyezoea picha za ofisini ataona tofauti mara moja. Sura hiyo ipo chumbani lakini haimtazami mtu. Imejishughulisha na mambo yake. Anayeitazama anapata ujirani wa mtu bila kudaiwa salamu. Ndiyo maana naona sura dhahania ina nafasi ambayo hata picha ya mwembe haiijazi: kwa mtu anayefanya kazi peke yake kutwa, mti ni pumziko, ila uso uliofumba macho ni pumziko lenye mwenzi.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni ya Wazungu, na kwamba Mswahili anataka picha inayoeleweka. Pingamizi hili linasahau kuta zetu wenyewe. Katika nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18, ukuta wa ndani ulijaa zidaka, safu juu ya safu za vishubaka vilivyofinyangwa kwa chokaa ya matumbawe, vikiwekwa sahani na bakuli za kaure. Hakuna kiumbe hai aliyechorwa pale. Kuna umbo moja linalorudiwa, weupe, na kivuli kinachotembea na jua. Wachongaji wa Kimakonde nao wana mtindo wao uitwao mawingu, ambamo mpingo hujikunja na kutoboka bila kulazimika kuwa mtu au mnyama. Kwa upande wa sura, Afrika imemtoa Ibrahim El-Salahi, aliyezaliwa Omdurman, Sudan, mwaka 1930. Alisoma uchoraji London katika miaka ya 1950, akarudi Khartoum na kuonyesha kazi zake kwa mtindo aliojifunza London. Watu wa mji wake walikuja siku ya ufunguzi, kisha hawakurudi tena. Hakuwalaumu. Alianza kutazama yaliyokuwa kwenye nyumba zao, maandishi ya Kiarabu na nakshi za ufundi wa nyumbani, akayaingiza kwenye picha, kwanza kwa udogo pembeni, hadi herufi zenyewe zikafunguka na kuzaa nyuso ndefu za rangi ya ardhi. Kilichowafukuza watazamaji wake mwanzoni kilikuwa ugeni: hawakuona mahali pao ndani ya picha. Na nyuso zake za baadaye, ambazo ni dhahania kuliko zile za mwanzo, ndizo zilizomjengea jina.

Pingamizi jingine ni la dini, nalo lina haki ya kupewa heshima kamili. Katika nyumba nyingi za Waislamu wa pwani, picha ya kiumbe mwenye roho haitundikwi, na wanaofuata msimamo huo wana hadithi za Mtume wanazozitegemea. Wapo wanazuoni wanaoona kwamba umbo lisilo na macho, pua wala mdomo limetoka katika hukumu ya picha iliyokatazwa, wapo wasiokubali. Mwandishi wa makala hana mamlaka ya kuamua kati yao, na mwenye duka pia hana. Ninachoweza kusema ni kwamba nyumba isiyotaka sura haijapungukiwa na chochote katika jambo tunalolizungumza, kwani inayo khati na nakshi, ambazo tayari zimefanya kile ambacho sura dhahania inajaribu kufanya, yaani kuondoa macho ukutani. Na katika ofisi yenye watu wa imani mchanganyiko, busara ni kuweka sura katika chumba cha anayeipenda, na kuziacha kuta za pamoja, hasa chumba ambacho wenzetu huswalia, bila uso wa aina yoyote.

Jambo la nani achague ndilo linaloharibiwa zaidi siku hizi. Maofisi mapya ya vioo hununua picha kwa jumla, sura ileile kila ghorofa, kwa ushauri wa mpambaji ambaye hatakaa hapo hata siku moja. Craig Knight na Alex Haslam, wakiwa Chuo Kikuu cha Exeter, walichapisha mwaka 2010 majaribio yaliyolinganisha ofisi za namna mbalimbali. Waliofanya kazi katika chumba chenye mimea na picha walizalisha asilimia 17 zaidi ya waliokaa katika chumba kitupu. Walioruhusiwa kupanga mimea na picha hizo wenyewe walifika asilimia 32. Lakini pale walipopanga, kisha msimamizi akaja kupangua mbele ya macho yao, faida ikapotea. Anayesema ukuta mtupu unatosha, na kwamba picha ni matumizi ya anasa, amejibiwa na takwimu ya kwanza. Meneja anayefikiri amemaliza kazi kwa kununua picha ghali amejibiwa na ya pili. Picha ya bei ndogo iliyochaguliwa na karani mwenyewe ina nafasi kubwa ya kumfaa kuliko ya bei kubwa aliyobandikiwa.

Kutokana na hayo yote, uchaguzi wenyewe hauna siri. Anza na macho: chagua sura iliyofumba, iliyoinama au iliyogeuka upande, na kama macho yapo wazi, yasiwe yanayokufuata. Tazama kingo: mikunjo ya taya na bega ipumzishe jicho kuliko pembe za vioo vilivyovunjika, na milia mikali iachwe dukani. Kuhusu rangi, usishikilie jina lake. Samawati kali huchangamsha, na nyekundu iliyopauka kama tofali la zamani huweza kutulia. Kinachoamua zaidi ni ukali wa rangi na tofauti yake na ukuta. Juu ya kochi, upana wa picha uwe kama theluthi mbili ya kochi. Pa watu wanaosimama na kupita, kitovu cha picha kiwe kama sentimita 150 kutoka sakafuni. Pa watu wanaokaa, kishuke, kwa maana tabia yetu ya kutundika karibu na dari hugeuza kila sura kuwa mkubwa anayetuangalia kutoka juu. Usiiweke mkabala na dirisha ikiwa ina kioo, maana utatazama mng'aro badala ya picha. Wala pasipokosa jua la moja kwa moja, kwa kuwa wino wa picha za kuchapisha hupauka. Pwani, ambako unyevu hauishi, acha upenyo kati ya fremu na ukuta ili hewa ipite, la sivyo kanvasi itaota kuvu kwa nyuma.

Mwisho kuna wanaosema sura hizi sasa hutolewa na programu za kompyuta kwa sekunde chache, kwa hiyo mjadala wa mchoraji umepitwa. Sioni hivyo. Picha ya programu inaweza kupita vipimo vyote nilivyovitaja, na asiye na fedha asione haya kuitundika. Lakini Jawlensky alitumia miaka mingi kuupunguza uso mmoja, na El-Salahi ilimbidi arudi kuwasoma watu wake. Kujua nini cha kuondoa usoni ni kazi ya mtu anayewajua watakaoutazama. Wachoraji wa namna hiyo wapo katika miji yetu, na wengi watakubali uwaeleze chumba chako na saa zako za kazi kabla ya kushika brashi. Ukiweza, nenda kwao. Na popote utakaponunua, kabla ya kulipa mwombe muuzaji aishike picha mbele yako, wewe uketi kama utakavyoketi kila siku, uitazame kimya kwa dakika chache. Ukijikuta unaanza kuijibu, mrudishie.